Kwa nini mkate wa vijiji vya vilimani Italia ya kati hauna chumvi? Wenye kujua karibuni

#1 Mtoto wa Mufindi
Wakuu, habari za saa hizi.

Nipo Perugia, mkoa wa Umbria, kwa masomo. Nikipata nafasi napanda basi kwenda vijijini. Vijiji vya huku vimekaa juu ya vilima, nyumba za mawe zimebanana, kanisa katikati, mizeituni na mizabibu inateremka mpaka bondeni. Chakula chao nimekipenda sana, lakini mkate umenishinda kuuelewa. Hauna chumvi hata punje. Unang'ata gamba gumu la kahawia, ndani mna matundu matundu na harufu nzuri ya chachu, halafu ulimi unasubiri ladha na ladha haiji. Nilidhani ni Umbria peke yake. Nikavuka kwenda Toscana: Cortona, Arezzo, Siena, kote vilevile. Nikishuka Roma mkate una chumvi kama kawaida.

Nimeuliza, na kila mtu ana jibu lake analoliapia. Mwenye duka la mikate alisema ni Papa. Mwalimu akasema ni Pisa. Mzee mmoja kwenye baa akasema wote hao wanapiga porojo, sababu ni umaskini. Nataka sana kujua ukweli. Wenye historia, wapishi, na mnaoishi huku, naomba mnieleweshe.

#2 Kijana wa Ilala
Mtu katumwa Ulaya kusoma, anachunguza mkate. Endelea mkuu, natandika mkeka hapa hapa.

#3 Mzee wa Kumbukumbu
Mwenye duka amekuambia kweli. Zama hizo Papa alikuwa na dini mkono mmoja na serikali mkono wa pili: ana jeshi, ana kodi, na Umbria ilikuwa chini yake. Mwaka 1540 Papa Paulo III akapandisha bei ya chumvi. Perugia wakagoma, ikawa vita kamili, wenyewe wanaiita Vita ya Chumvi. Jeshi la Papa likaongozwa na mwanawe, Pier Luigi Farnese, na mji ukashindwa. Adhabu yake ndiyo iliyobaki machoni mpaka leo: ulibomolewa mtaa wa ukoo wa Baglioni, waliokuwa wakubwa wa mji, na juu yake ikajengwa ngome ya Rocca Paolina, kazi ya Antonio da Sangallo Mdogo. Mtoto wa Mufindi, hizo ngazi za umeme unazopanda kwenda mjini zinapita ndani ya vichochoro vya mtaa huo uliofunikwa. Watu waliofanyiwa hivyo wakasema chumvi yako kaa nayo, sisi tutakula mkate mtupu. Sijui unatafuta sababu gani nyingine.

#4 Fundi Kalamu
Shikamoo Mzee. Vita ni kweli na ngome ni kweli, ila mkate una umri mkubwa kuliko huyo Papa. Mshairi Dante alifukuzwa mji wake wa Firenze, huko Toscana, mwaka 1302. Kwenye shairi lake Paradiso, wimbo wa 17, babu yake wa kale Cacciaguida anamtabiria kwamba huko uhamishoni ataonja jinsi mkate wa watu ulivyo na chumvi. Dante alifariki 1321. Kwa hiyo miaka 200 na zaidi kabla ya 1540, mtu wa Firenze tayari alikuwa anaona chumvi ndani ya mkate ni jambo la ugenini. Tena Firenze haikuwa chini ya Papa.

#5 Mzee wa Kumbukumbu
Marahaba. Huyo ni mshairi, kijana wangu. Mkate wa kuomba ni mchungu popote duniani, na anayeula kwa machozi ataonja chumvi. Usichukue shairi ukalifanya risiti ya dukani. Halafu mimi nimezungumzia Perugia, wewe umehamia Firenze.

#6 Chumvi ya Uvinza
Kwa jina hili siwezi kupita kimya.

Mwalimu wa mtoa mada anazungumzia Pisa, na mimi niko upande wake. Firenze iko bara, Pisa ndiyo ilikuwa na bandari. Inasimuliwa kwamba karne ya 12 miji hii miwili ilipokuwa inagombana, Pisa wakawabania wenzao chumvi, au wakaiuza kwa bei ya kukomoa. Firenze wakazoea kukanda bila chumvi, na vijiji vyote vinavyoutazama mji huo vikafuata. Kwetu Uvinza maji ya chumvi yamechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000, na watu walitoka mbali sana kuifuata. Anayeishika chumvi anaishika jikoni ya jirani yake.

#7 Fundi Kalamu
Mkuu Uvinza, hapo napo pana shimo. Firenze waliiteka Pisa mwaka 1406, na Livorno wakainunua 1421. Tangu hapo bahari ni yao. Halafu kuna Volterra, mji wa kilimani huko huko Toscana, wenye chemchemi za chumvi safi sana. Kitongoji cha chini yake kinaitwa Saline na chumvi inatoka pale mpaka leo. Firenze waliipiga Volterra 1472. Sasa mtu ana bandari, ana chemchemi za chumvi, ugomvi umekwisha zamani. Miaka 600 bado anasusia nini?

#8 Chumvi ya Uvinza
Mazoea, mkuu. Mtoto akilelewa na mkate wa namna fulani, huo ndio mkate. Mbona huulizi kwa nini ugali hatutii chumvi? Kwani Wazaramo walinyimwa chumvi na nani?

#9 Kijana wa Ilala
Uvinza kaua hapo. Ugali hauna chumvi na hakuna vita iliyopiganwa.

#10 Dada wa Casentino
Habari zenu. Uzi huu umenigusa kwa sababu mkate huo naukata kila siku. Naishi Casentino, bonde la juu kaskazini ya Arezzo, namtunza mama mmoja mzee sana. Ni huku huku kwenye mlima wa La Verna, alikopata madonda mfano wa yale ya Kristo Mtakatifu Fransisko mwaka 1224.

Nawaomba msiuonje mkate peke yake. Hakuna mtu wa huku anayekula mkate peke yake. Paja la nguruwe la Toscana linakaushwa kwa chumvi nyingi na pilipili manga, ukilila bila mkate mtupu unatafuta maji. Jibini ya maziwa ya kondoo nayo ina chumvi. Mchuzi wa maini ya kuku wanaoupaka juu ya mkate una samaki wadogo wa chumvi ndani yake. Mkate ukiwa na chumvi nao, chakula chote kinaharibika. Ndiyo maana mfano wa ugali nimeuelewa mara moja.

Mama huyu anauweka mkate kwenye sanduku la mbao, umefungwa kitambaa, na lazima ukae uso juu. Ukiuweka kifudifudi mezani anaugeuza na kukutazama vibaya, anasema ni mkosi. Anaukata kwa kuukumbatia kifuani, kisu kinakuja upande wake, roho yangu inaruka kila mara. Na hautupwi. Ukikauka kiangazi unalowekwa maji, unakamuliwa kwa mkono, unachanganywa na nyanya, kitunguu, rihani, siki na mafuta, ndiyo panzanella. Baridi ikija unaingia kwenye sufuria la maharage na kabichi nyeusi ya majani, ambayo kwa kweli ni ndugu wa sukuma wiki. Kesho yake inachemshwa tena, ndiyo ribollita. Novemba mafuta mapya yakikamuliwa, kipande kinachomwa, kinasuguliwa kitunguu saumu, kinamwagiwa mafuta mpaka kilowe, na hapo ndipo anarushia chumvi kwa vidole. Juu.

Nilimuuliza yeye mwenyewe. Jibu lake halina Papa wala Pisa. Kwao walikuwa wakulima wa nusu kwa nusu: shamba na nyumba ni vya bwana, mavuno mnagawana. Kila kitu walijilimia, chumvi peke yake ndiyo ya kununua kwa fedha taslimu, na fedha hawakuwa nayo. Iliyopatikana iliwekwa kwa ajili ya nguruwe wa msimu wa baridi. Ukikosea kumtia chumvi nguruwe, nyama inaoza na familia haina kitu mwaka mzima. Nani aiweke kwenye mkate?

#11 Mtoto wa Mufindi
Dada, asante mno. Hili la nguruwe sijalisikia kwa mtu yeyote huku, na ni zito. Huyo mama anakumbuka chumvi ilinunuliwa wapi?

#12 Dada wa Casentino
Kwenye duka la tumbaku. Chumvi ilikuwa biashara ya serikali, kama sigara. Mpaka leo maduka ya zamani ya tumbaku yana kibao cheusi chenye herufi T, na vingine bado vimeandikwa chumvi na tumbaku. Huko Perugia tembea mitaa ya zamani utakiona.

#13 Mzee wa Kumbukumbu
Dada ameongea vizuri, na ameniongezea hoja. Serikali ya Italia iliishikilia biashara ya chumvi mpaka miaka ya 1970. Sicilia na Sardinia ndizo zilizoachwa nje, maana wana mabwawa yao ya chumvi. Kodi, kodi, kodi. Jina la mtawala linabadilika, mkono ni ule ule mfukoni mwa mkulima.

#14 Mwokaji Tanga
Nimeoka mikate maisha yangu yote, niruhusuni niongee jikoni.

Chumvi kwenye unga ina kazi tatu ukiacha ladha. Inaikaza nyuzi za ngano, donge linasimama. Inaipunguza kasi hamira. Na inashika maji. Ukiiondoa, donge linanata mikononi, linaumuka upesi mno, na usipokuwa makini linalala kama limechoka. Kwa hiyo mkate bila chumvi ni kazi ngumu zaidi kwa mwokaji. Hao wameimudu kwa chachu ya asili, kwa sababu uchachu wake unasaidia kulishika donge na kuupa mkate harufu. Mkate wa Toscana ulipopewa hifadhi ya jina na Umoja wa Ulaya mwaka 2016, masharti yake yalikuwa hayo: ngano ya huko huko, chachu ya asili, chumvi hakuna.

Sasa kwenye mada. Familia za mashambani zilikuwa zinawasha tanuri mara moja kwa wiki, kuni si za kuchezea. Mkate wenye chumvi unavuta unyevu, kwenye nyumba ya mawe yenye baridi siku ya tano una ukungu. Usio na chumvi unakauka. Mkate mkavu ni chakula, Dada ameeleza vyakula vyake vyote hapo juu. Mkate wenye ukungu ni hasara. Mimi naona walichagua mkate unaokauka vizuri.

#15 Fundi Kalamu
Mwokaji, hoja yako ni nzuri lakini Puglia, kusini mwa Italia, nako walikuwa wanaoka mikate mikubwa ya kukaa siku nyingi. Mkate wa Altamura una sifa ya kukaa muda mrefu, na una chumvi. Mbona wao hawakuchagua hivyo?

#16 Mwokaji Tanga
Puglia ni kukavu na kuna joto. Nimesema nyumba ya mawe yenye baridi na unyevu. Halafu ngano yao ni ile ngumu ya njano, inashika maji kwa namna nyingine kabisa. Usinilinganishie unga tofauti.

#17 Chumvi ya Uvinza
Na Puglia wana Margherita di Savoia, mashamba makubwa kabisa ya chumvi ya bahari Italia. Mnarudi kwangu tu. Penye chumvi karibu, mkate una chumvi.

#18 Malindi Kwetu
Hamjambo. Huku Malindi Waitaliano tunaishi nao miaka mingi, tangu mambo ya kituo cha roketi cha San Marco, na wengi wetu tunazungumza lugha yao. Nilifanya kazi jikoni kwenye hoteli. Mgeni wa Roma hali mkate wa mgeni wa Firenze, na wa Firenze akionja wetu wa boflo anasema una chumvi nyingi. Wanabishana mezani kama nyinyi hapa.

Swali langu lingine. Sisi wa Pwani tusiokula nguruwe, huko vilimani tutakula nini? Naona kila kitu kina kitimoto.

#19 Dada wa Casentino
Kaka, hutalala njaa. Kuna pici, tambi nene za unga na maji bila yai, wanazisokota moja moja kwa kiganja juu ya meza. Ziombe na mchuzi wa nyanya na kitunguu saumu. Kuna jibini ya kondoo ya Pienza, maharage ya mafuta, uyoga, na vitumbua vya maboga... samahani, maua ya maboga ya kukaanga. Kwenye misitu ya juu kuna miti ya castagno. Kokwa zake zinakaushwa kwenye kijumba cha mawe, moto mdogo chini, moshi unapanda wiki kadhaa, halafu zinasagwa unga mtamu. Mama anasema wakati wa vita unga huo ndio uliowalea. Ila ulizia mafuta ya nguruwe kabla hujala, wanayatia hata pasipotarajiwa.

#20 Nyama Choma Daima
Malindi Kwetu, achana na Toscana, vuka milima uende Abruzzo. Nilikuwa huko kwa kazi. Kuna mishikaki ya kondoo inaitwa arrosticini. Vipande vidogo vidogo, nyama na mafuta kwa zamu, kijiti chembamba. Jiko lake ni jembamba na refu mfano wa mfereji, vijiti vinapangwa mstari mmoja, nyama ndiyo iko juu ya makaa, mikono ya vijiti iko nje. Chumvi inarushwa mwishoni, mtu anageuza kiganja kizima mara moja. Hauagizi mitano, unaagiza ishirini, inaletwa imefungwa karatasi ya foili isipoe.

Ni chakula cha wachungaji. Wachungaji wa Abruzzo walikuwa wanashusha kondoo kila msimu wa baridi kutoka milimani mpaka nyanda za Puglia. Njia kuu ya kutoka L'Aquila hadi Foggia ina kama kilomita 244. Desturi hiyo iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2019. Na mkate wao una chumvi, kwa taarifa yenu.

#21 Kijana wa Ilala
Uzi umehama kutoka mkate mpaka mishikaki. Sasa hivi ndiyo umeanza kuwa uzi.

#22 Nyama Choma Daima
Na bado sijakuambia ya nyoka. Abruzzo hiyo hiyo, kijiji cha Cocullo, tarehe 1 Mei. Sanamu ya Mtakatifu Domenico inatolewa kanisani, inavikwa nyoka wazima, wanajiviringisha shingoni mpaka miguuni, halafu inazungushwa kijijini. Nyoka hawana sumu, vijana wanawakamata milimani wiki za kabla, na sherehe ikiisha wanarudishwa walikotolewa. Nilisimama karibu, nyoka mmoja akawa ananyoosha kichwa kutoka kwenye taji. Watoto wanawashika kama paka.

#23 Kijana wa Ilala
Hapo hapana. Turudi kwenye mkate.

#24 Katekista
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni wa Iringa, nimelelewa na mapadri wa Consolata, waliofika huku 1919, na Kenya walitangulia 1902. Mwanzilishi wao, Giuseppe Allamano, alizaliwa 1851 Castelnuovo, vilima vya Piemonte, akatangazwa mtakatifu Oktoba 2024. Nilibahatika kwenda huko kuhiji.

Piemonte mkate una chumvi ingawa ni bara na kuna milima kati yao na bahari. Chumvi ililetwa kutoka Liguria kwa nyumbu, njia zenyewe bado zinaitwa njia za chumvi. Na huko kuna simulizi inayofanana na zenu: wachuuzi walikuwa wanajaza chumvi kwenye mapipa, juu wanapanga samaki wadogo wa chumvi ili watoza kodi wasione. Ndiyo maana, wanasema, watu wa vilimani wasio na bahari wana chakula chao kikubwa cha samaki hao waliopikwa na kitunguu saumu na mafuta, bagna cauda. Kwa hiyo Uvinza, umbali na kodi vilikuwepo na kwao, lakini hawakuacha chumvi. Walificha.

#25 Chumvi ya Uvinza
Katekista, milele amina. Hilo la mapipa limenikaba, nakubali kulitafakari, ila sijahama.

#26 Fundi Kalamu
Niongeze jiwe lingine kwenye gari. Siena. Siena na Firenze walikuwa maadui, Siena haikuanguka mpaka 1555. Miaka yote hiyo walikuwa na chumvi yao wenyewe kutoka pwani ya Grosseto, wala hawakuihitaji Pisa. Maghala ya chumvi yapo chini ya jumba la serikali ya mji mpaka leo, panafanyiwa maonyesho. Watu waliolalia chumvi kwenye ghorofa ya chini, na mkate wao mtupu. Nadharia ya Pisa inaanguka hapo, ya Papa nayo inaanguka hapo hapo.

#27 Mzee wa Kumbukumbu
Haianguki. Kwani chumvi ya serikali ilikuwa ya bure? Siena waliiuza kwa raia wao. Mimi na yule mama wa Casentino tunasema kitu kimoja: chumvi ilikuwa ya mwenye nguvu. Tofauti ni kwamba mimi nimemtaja mmoja kwa jina.

#28 Mtoto wa Mufindi
Mzee, lakini Romagna nayo ilikuwa ya Papa, na mkate wao bapa una chumvi. Kodi ile ile.

#29 Mzee wa Kumbukumbu
Romagna wana Cervia, mabwawa ya chumvi pwani. Kuchota chumvi ya magendo usiku ni jambo la kilomita chache. Umbria haina bahari hata kidogo, tazama ramani.

#30 Chumvi ya Uvinza
Sasa Mzee naye anasema ukaribu. Karibu kwangu.

#31 Dada wa Casentino
Nimemsomea mama baadhi ya majibu yenu nikiyatafsiri. La Pisa amelikubali kwa sababu hawapendi watu wa Pisa, hakuna sababu nyingine. La Mwokaji amelitikisia kichwa, amesema mama yake alikuwa akiuchagua mkate wa siku ya tatu kwa supu na kuuficha watoto wasiumalize. Kisha akasimulia siku za kupura ngano: majirani wote wanakuja na mashine, bata bukini wanachinjwa, ndiyo siku pekee watu walikula nyama mpaka wakabakiza, na meneja wa bwana anasimama pale pale kuhesabu magunia. Sheria ya kuzuia mikataba mipya ya nusu kwa nusu ilipitishwa 1964, na vijana wengi walikuwa wameshaondoka kwenda viwandani.

Mtoto wa Mufindi, ukienda kusini ya Siena pita Monticchiello. Wanakijiji wenyewe wanacheza mchezo wa kuigiza uwanjani kila kiangazi tangu 1967, kuhusu maisha yao na hicho kilimo cha nusu kwa nusu. Wazee na wajukuu jukwaa moja.

#32 Mtoto wa Mufindi
Nitaenda. Na tarehe 15 Mei nakwenda Gubbio kuona mbio za Ceri: watu wanabeba minara mitatu ya mbao, kila mmoja unakaribia kilo 300, wanapanda nayo mbio mpaka kanisa la Mtakatifu Ubaldo juu ya mlima Ingino. Wa Ubaldo anatangulia daima, wa pili Joji, wa tatu Antonio, hakuna kupitana.

#33 Kijana wa Ilala
Mbio ambazo mshindi anajulikana kabla! Sasa wanakimbilia nini?

#34 Katekista
Wanamkimbilia Mtakatifu, kijana. Ushindi ni kutouangusha na kutoachana njiani.

#35 Malindi Kwetu
Mwokaji, kabla hatujaachana: mtu wa Pwani akitaka kuujaribu mkate huo nyumbani afanyeje? Hamira ya dukani itafaa?

#36 Mwokaji Tanga
Itaumuka, lakini ladha hutaipata. Anza na chachu: unga na maji kiasi sawa, uache, kila siku mwaga nusu ulishe tena, mpaka ipande na kushuka kwa saa zile zile. Kwa joto letu hili usisubiri kama wao, ukiona donge limeongezeka nusu yake, peleka tanurini moto mkali. Maji yapunguze kuliko ulivyozoea, maana hakuna chumvi ya kulishikilia. Uache ulale siku nzima ndipo uukate. Kisha ule na kitu chenye chumvi, papa mkavu wa Pwani atafaa.

#37 Fundi Kalamu
Papa kwenye mkate wa Toscana! Mzee wa Kumbukumbu, umeona, Papa amerudi.

#38 Mzee wa Kumbukumbu
Nilikuambia hawezi kutoka kwenye habari hii.